Mzee wa boila na ile barua ya kila Januari

Kuna barua moja nimeiandika mara tano. Ya kwanza Januari 2018, ya mwisho Januari 2022, na ukizipanga mezani kitu kimebadilika ni tarehe tu. Inaanza na "kwa sababu ya ujuzi adimu ulio nao katika kitengo cha boila" halafu inasema tunakuongezea mwaka mmoja, weka sahihi hapa chini. Hiyo sentensi ya ujuzi adimu niliitunga mimi mwenyewe siku moja nikiwa na haraka, vibarua wamejaa mlangoni wanataka kujua mbona pesa zao hazijaingia, na kutoka hapo kila mwaka nilikuwa nafungua ile faili kwa kompyuta, nabadilisha mwaka, napeleka kwa meneja, anasaini bila kusoma.

Mimi niko upande wa wafanyikazi, HR, kwa kiwanda kimoja hapa Nakuru chenye sitakitaja jina, tunatengeneza mafuta ya kupikia, yale ya kuganda na yale ya maji. Nimekaa hapo miaka mingi ya kutosha kuona watu wakiingia vijana wakitoka na mvi. Na huyu ninayewaambia habari zake tulimuita Mzee wa Boila, maana ndiye alikuwa anaendesha boila, ule mtambo wa kuchemsha maji yatoe mvuke, hata payslip yake watu walikuwa wanaitafuta kwa hilo jina.

Mzee alifika sitini tarehe mosi Januari 2018. Yaani kwa kitambulisho. Wazee wengi wa rika lake walizaliwa tarehe mosi Januari, utadhani mama zao walikubaliana, kumbe ni vile hakuna aliyeandika na siku ya kuchukua kitambulisho mtu anaulizwa ulizaliwa lini anasema mama alisema ni wakati wa emajensi, ile ya wakoloni miaka ya hamsini, basi karani anakadiria anasonga. Yeye mwenyewe alikuwa ananiambia "madam, hiyo sitini ni ya serikali, mimi yangu bado." Sikujua kama anamaanisha ni mdogo ama mkubwa kuliko vile karatasi inasema na sikuuliza, kazi ya HR pia ni kujua maswali gani uyaache.

Sasa kabla niendelee, watu wengi huchanganya hii mambo ya sitini. Kwa serikali sitini ni sitini, ukiwa na ulemavu ni sitini na tano, hakuna kubembelezana sana. Zamani ilikuwa hamsini na tano mpaka 2009 ndipo ikapandishwa. Mama yangu alikuwa mwalimu wa praimari huko Njoro na hiyo 2009 ndio alikuwa anafika hamsini na tano, alikuwa ameshanunua mpaka kuku wa kufuga, halafu tangazo likatoka akapata miaka mitano mingine vivi hivi. Rafiki yake waliyekuwa wanafundisha darasa jirani alikuwa amemzidi miezi tu, yeye akaenda nyumbani 2008. Wawili hao walikuwa wanakunywa chai pamoja kila siku ya saa nne na baada ya hapo urafiki ulipoa kidogo, hakuna aliyekosea mwenzake, ni tarehe tu. Mama hadi leo hilo jambo linamuuma kuliko hata pensheni yenyewe. Na pensheni ya walimu ndio hiyo ina kesi yake, wale waliostaafu kati ya 1997 na 2007, zaidi ya elfu hamsini, walishinda kesi hapa hapa Hai Kotini Nakuru mwaka wa 2008, na wengi wamezikwa wakingoja.

Majaji nao, msifikiri. Katiba ya 2010 iliwawekea sabini, na kwa ile ya zamani ilikuwa sabini na nne, wakavutana kotini mpaka 2016 Jaji Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi wakaenda nyumbani. Kwa hivyo ukiona mzee wa boila anang'ang'ana usimcheke, hata walio na mawakili wameng'ang'ana.

Lakini kwa kampuni za watu binafsi ni hadithi ingine. Ile sheria ya ajira ya 2007 haisemi popote kwamba mtu akifika sitini aende. Kinachokufunga ni kile kiko kwa kandarasi yako, ama kitabu cha sheria za kampuni, ama makubaliano na chama cha wafanyikazi. Sisi kitabu chetu kinasema sitini, na mstari unaofuata unasema "isipokuwa menejimenti ikiamua vingine." Hiyo isipokuwa ndio imelea wazee wangapi hapa Nakuru, na imewatesa wangapi, maana mtu wa kandarasi ya mwaka mmoja mmoja kuanzia mwezi wa kumi hapati usingizi mzuri.

Turudi kwa Mzee.

Boila yetu ni ya kuni, mikaratusi, inameza lori moja kama wewe unavyomeza mandazi. Mvuke wake ndio unaendesha kila kitu, na zaidi ndio unaweka mafuta yakiwa majimaji ndani ya mabomba. Maji tunatumia ya kisima, na mtu wa Nakuru akikwambia maji ya kisima wewe angalia meno yake utaelewa, ile floraidi yetu. Basi hayo maji ukiyachemsha bila kuyajua tabia yanatoa povu ndani ya boila, povu linapanda na mvuke, kioo cha kupima kiwango kinaanza kukudanganya, juu chini juu chini. Mzee alikuwa anajua kwa sikio. Anaweza kuwa amekaa nje kwa ile stuli yake anasoma gazeti la juzi, ghafla anainuka, anaenda kufungua vali ya chini anamwaga maji kidogo, anarudi kuketi. Ukimuuliza amesikia nini anasema "imekohoa."

Msaidizi wake alikuwa kijana mmoja wa mtaa wa Kaptembwo, kazi yake kulisha kuni. Kijana ana diploma ya mekanika kutoka politekniki, sio ya kununua, ameketi darasani. Alikuja kama kibarua 2016 na hadi 2022 alikuwa bado kibarua. Hii nchi yetu robo tatu ya watu wako chini ya miaka thelathini na tano, hiyo ilitoka kwa sensa ya 2019, kwa hivyo ukisimama pale kwa geti yetu asubuhi utaona hiyo robo tatu imesimama na bahasha za kaki. Kila mwaka nikiandika ile barua ya Mzee nilikuwa napita hapo getini na faili yake kwapani, na kuna siku nilikuwa naigeuza upande jina lisionekane.

Mwezi wa saba 2022 Mzee akafiwa na ndugu yake huko kwao Malava, Kakamega. Akaomba siku kumi, tukampa. Siku ya nne usiku baridi ya Nakuru ya Julai mnaijua, boila ikaanza hayo mambo yake ya povu. Supavaiza wa usiku akaona kioo kinaonyesha maji yamejaa akafunga pampu, kumbe ni povu, kidogo tu maji yangeisha kabisa na hapo tungekuwa tunaongea hadithi ya mazishi mengine. Kijana wa kuni ndiye alisema tuzime moto, wakazima. Boila ikapoa. Na ikipoa, mafuta yakaganda ndani ya mabomba yote, kutoka tangi mpaka mahali pa kujaza madebe, yaani kiwanda chote kikawa kama sufuria ya juzi iliyosahaulika kwa jikoni.

Siku mbili tukagonga mabomba, tukayamwagia maji moto, mafundi wa nje wakaja wakaangalia wakatoa bei wakaenda. Meneja akampigia Mzee. Mzee akasema atakuja baada ya kunyoa. Meneja hakuelewa kunyoa ni nini akafikiri mzee anaenda kinyozi, ikabidi nimwelezee kwamba kwa Waluhya baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa nywele, familia inaketi, madeni ya marehemu yanasemwa, huwezi toka katikati. Basi gari ikatoka hapa saa kumi usiku ikamngoja kwa boma mpaka wakamaliza, ikamleta.

Alishuka na suti ya matanga na kofia, akaitisha chai kwanza. Akanywa polepole watu wote tukiwa tumemzunguka. Akaenda akafungua akamwaga maji, akachukua dawa ya maji akapima na kikombe, sio kipimo ni kikombe cha chai, akaweka, akaamuru moto uwashwe mdogo mdogo, na kufikia jioni mvuke ulikuwa unatembea. Meneja alimkumbatia. Mbele yangu akaniambia "unaona? huyu hatuwezi kumwachilia hata akifika themanini."

Wote waliona siku hiyo kwamba Mzee ni wa maana. Mimi nilikuwa nimeona kitu kingine asubuhi yake, kwa stoo. Nilikuwa nimeenda kutafuta rekodi za dawa ya maji ili tujue tumekosa nini, na pale kwa kona nikapata magunia ya chumvi mengi kuliko vile tunaweza kumaliza kwa mwaka. Hiyo chumvi ni ya ule mtambo wa kulainisha maji kabla yaingie boila. Nikamuuliza mwenye stoo mbona chumvi imejaa hivi na karatasi zinasema inatolewa karibu kila siku. Akacheka. Akasema muulize kijana wa kuni.

Kijana akaniambia akiangalia chini, "madam, mimi nimetumwa chumvi miaka sita." Kila Mzee akitaka kugusa ile vali, ama kupima dawa, ama kurekebisha ile kitu ya kuleta maji, anamwambia kijana enda stoo leta chumvi. Stoo iko mbali, upande ule wa lango la lori. Kijana akirudi kazi imeisha, Mzee ameketi kwa stuli. Chumvi ikizidi inarudishwa usiku kimya kimya. Miaka sita.

Nilikasirika kweli kweli. Nikamwita Mzee tukaenda kwa kibanda cha chai huko nje badala ya ofisi, maana ofisini angekaa wima na kusema ndio madam. Nikamwambia nimejua habari ya chumvi. Hakukataa. Alichovya mandazi akaila yote kwanza. Halafu akaniuliza, "Madam, wewe ndio unaniandikia barua kila Januari. Inasema nimebakishwa kwa nini?"

Nikasema kwa sababu ya ujuzi adimu.

"Sasa nikimpa huyu kijana, utaandika nini?"

Sikuwa na jibu jameni. Nimesoma hii kazi, nina makaratasi yangu ukutani, nimeenda semina za kurithisha ujuzi pale hotelini Milimani tukala na samaki, na sikuwa na jibu.

Akanifanyia hesabu pale mezani na kidole. NSSF yake, ile akiba ya uzeeni, miaka mingi ilikuwa mia mbili yake na mia mbili ya kampuni, yaani mia nne kwa mwezi, elfu nne mia nane kwa mwaka mzima, na kabla ya hapo ilikuwa hata chini. Hizo za juu juu za siku hizi zilianza kukatwa Februari 2023, kwake yeye zimechelewa. Alipofika sitini alienda akachukua, laki mbili na nusu hivi. Akaezeka nyumba ya Malava, akalipia kitinda mimba karo ya chuo, kufikia Aprili ilikuwa imekwisha. Ile ya serikali ya wazee, Inua Jamii, elfu mbili kwa mwezi, hiyo ungoje sabini. Kwa hivyo kati ya sitini na sabini hapo mtu anaishi na nini. Akasema, "Ile vali ndio pensheni yangu. Wewe ungempa mtu pensheni yako akiomba vizuri?"

Na mimi nikaona vile tulijenga hii kitu na mikono yetu. Tulimwambia kwa maandishi, mara tano, na muhuri, kwamba siku mtu mwingine ataijua hii kazi wewe unaenda nyumbani. Halafu tunashangaa mbona hafundishi. Watu wakiongea kuhusu kubakisha wazee kazini wanabishana kama mzee amechoka ama hajachoka, kama kijana ana heshima ama hana, na mimi pia nilikuwa kwa hayo mabishano, kumbe shida ilikuwa kwa barua.

Usiku huo nilisoma sana kwa simu. Japani kampuni nyingi zinastaafisha mtu sitini lakini sheria yao inamlazimisha mwajiri kumtafutia kazi mpaka sitini na tano akitaka, na tangu 2021 wanahimizwa wafike sabini. Mara nyingi anarudishwa kwa mshahara wa chini. Uingereza walitoa kabisa ile sitini na tano ya lazima 2011. Nikafikiri tuige Japani halafu nikakumbuka Japani wanabakisha wazee kwa sababu vijana hawako, na mimi vijana wangu wako getini na bahasha. Lakini kuna kitu kimoja cha Wajapani nilichukua, kwamba mzee anajua mwisho ni lini, haulizi kila Disemba.

Desemba hiyo sikufungua ile faili ya zamani. Niliandika mpya. Miaka miwili kamili, 2023 na 2024, mshahara ule ule bila kupunguzwa, na kazi ikaandikwa ni kufundisha, moto na vali ni za kijana, yeye anakaa pembeni na stuli. Mzee akaisoma mara tatu, akaitisha kitu kimoja, kiandikwe kwamba hata kijana akijua kazi kwa miezi mitatu hiyo miaka miwili haiguswi. Hilo tu. Meneja alinipinga wiki mbili, "tunalipa watu wawili kwa kazi ya mmoja", nikamletea hesabu ya zile siku kiwanda kilikuwa kimeganda, na mafuta ya gari ya kwenda Malava nikayaweka juu kabisa. Akasaini, hii alisoma.

Sasa mtaniuliza iliendaje na ningependa kuwaambia iliendelea fiti. Mwezi wa kwanza kijana alitumwa chumvi mara mbili kwa mazoea. Nilienda stoo nikaifunga nikakaa na ufunguo. Baadaye wakaanza kuongea. Mzee si mwalimu, hasemi kwa nini, anasema "sikiza hapo" na kijana anasikiza mpaka masikio yanauma, lakini mtu mwenye diploma naye ana kitu, alianza kuandika namba kwa kitabu, maji kiasi gani, dawa kiasi gani, na Mzee akaona zile namba zinakubaliana na kikombe chake cha chai akafurahi kama mtu amesomewa barua ya mapenzi. Kijana akaandikwa kazi ya kudumu 2024 baada ya miaka nane ya ukibarua. Hiyo barua niliiandika polepole.

Kuna upande sikuuweza. Mzee alipofika sitini na tano bima ya kikundi ikamkataa, zina mipaka yao ya umri, na mke wake alikuwa anatumia hiyo kadi kwa dawa za presha. Nilizunguka, nikapiga simu, nikaongea na ajenti, hapana. Yule mama aliniambia hatujakosana lakini siku ya kumuaga Mzee alinisalimia na vidole tu. Nina kinyongo na hiyo mambo na sijui nikiweke wapi.

Na ngoja niwaambie na yangu, maana si haki nimalize na chumvi ya mwenzangu. Nina miaka hamsini na sita. Ile eksel ya mishahara ya kiwanda ni yangu, nimeijenga miaka kumi na mbili, kila serikali ikileta makato mapya mimi naongeza safu, ile SHA ya bima ya afya ya asilimia 2.75, ile ya nyumba ya 1.5, NSSF na ngazi zake, na kuna safu nimezificha, ukizifungua bila kujua kila kitu kinakuwa alama ya reli, ####. Mwaka jana tuliletewa msichana mzuri wa kunisaidia. Juzi akaniuliza, "madam, hii fomyula ya hapa inatoa wapi hii namba?" Nikamwambia nitakuonyesha kesho, hebu kwanza nisaidie kupeleka hizi faili geti. Alipofika mlangoni ndipo nikasikia nimesema nini. Nikamwita arudi. Nimemuonyesha mbili, zimebaki kadhaa.

Mzee sasa yuko Malava, ana ng'ombe wawili na mbogamboga. Mwezi uliopita kijana alikuja ofisini kwangu anahema, pampu ya maji inalia vibaya na kila kitu kwa kitabu kiko sawa. Tukampigia. Mzee akasema usiniambie, weka simu karibu nayo. Kijana akasimama pale ameinua simu yangu kwa pampu kama mtu anamsikizisha nyanya mtoto mchanga, dakika nzima. Mzee akasema ni bearing, ile ya upande wa ukuta, na mumtafute aliyeipaka grisi juzi mumwambie amekosea. Ilikuwa ni hiyo.

Halafu kabla nikate akasema, "Madam, na utume kitu kwa Mpesa, hiyo ilikuwa kazi." Nikatuma elfu moja kutoka kwa mfuko wangu. Nikaenda kwa mhasibu nirudishiwe, akanipa vocha nijaze, jina la mlipwaji, namba ya mfanyikazi, sababu ya malipo. Namba ya mfanyikazi hana tena. Kwa mstari wa sababu nilianza kuandika "ujuzi adimu" nikafuta, na hiyo vocha bado iko kwa droo yangu hapa.